Mimi au yeye: nani asimulie hadithi yako?

Lori limebeba viazi mviringo kutoka Njombe. Ni usiku, linateremka mlima Kitonga, na harufu ya breki imeanza kuingia kwenye kebini. Ndani wamo wawili: Gwakisa, dereva, na Ipyana, utingo wake. Mwandishi anayetaka kuliandika tukio hili ana swali la kujibu kabla ya sentensi ya kwanza. Aandike "Nilisikia harufu" au "Ipyana alisikia harufu"?

Katika Kiswahili tofauti hiyo ni kiambishi kimoja mwanzoni mwa kitenzi. Kwa kuwa ni ndogo kiasi hicho, waandishi wengi wanaoanza huichagua kwa mazoea: hadithi ya mapenzi kwa "mimi", ya upelelezi kwa "yeye", basi. Wakifika sura ya nne mswada unakwama, na wanaanza kulaumu msuko, wahusika, hata muda wao wa kuandika. Mara nyingi mwenye tatizo ni msimulizi. Ama amepewa kazi ya kueleza mambo ambayo hana njia ya kuyajua, ama anayajua yote tangu mwanzo na hakuna tena cha kumfanya msomaji afunue ukurasa.

Si suala la mwandishi kuwa mtu wa "mimi" au mtu wa "yeye". Euphrase Kezilahabi aliandika Rosa Mistika (1971) kwa nafsi ya tatu, na miaka michache baadaye katika Kichwamaji (1974) akamwachia Kazimoto asimulie mwenyewe. Kila hadithi inadai msimulizi wake, na kazi ya mwandishi ni kumtambua mapema.

Nafsi si mtazamo

Kinachowachanganya wengi ni kuweka mambo mawili kwenye kapu moja. Nafsi ni suala la sarufi: ni- au a-. Mtazamo ni suala la macho: tukio linaonekana kutoka kichwani mwa nani, na mlango wa vichwa vingine umefungwa au uko wazi. Unaweza kutumia a- kitabu kizima na bado ukawa umejifungia ndani ya kichwa cha mtu mmoja. Turudi Kitonga tulione jambo hili kwa karibu.

Kwa nafsi ya kwanza, Ipyana akisimulia:

"Gwakisa hakusema kitu. Niliona mkono wake ukitoka kwenye usukani, ukashika gia, ukarudi kwenye usukani. Mara mbili. Ndipo nikaelewa kwamba harufu ile haikuwa ya lori lililotutangulia."

Kwa nafsi ya tatu iliyofungwa kwa Ipyana:

"Gwakisa hakusema kitu. Mkono wake ulitoka kwenye usukani, ukashika gia, ukarudi kwenye usukani. Mara mbili. Harufu ile, basi, haikuwa ya lori la mbele. Ipyana akaushika mlango."

Kwa msimulizi maizi, yule anayejua yote:

"Gwakisa alilijua kosa lake. Alikuwa ameingia mteremkoni na gia kubwa ili awahi soko la alfajiri, na sasa gia ndogo ilikataa kuingia. Kando yake Ipyana bado alidhani harufu inatoka kwenye lori la mbele. Kule Ilula walikokula, mama aliyewapakulia wali alikuwa hajaosha hata sahani zao."

Linganisha kifungu cha kwanza na cha pili. Vinajua mambo yaleyale. Hakuna hata kimoja kinachojua kwamba Gwakisa aliingia na gia kubwa. Vyote viwili vinauona mkono tu. Kwa hiyo ile imani kwamba "mimi" humsogeza msomaji na "yeye" humweka mbali si ya kweli. Angalia neno "basi" katika kifungu cha pili. Ni wazo la Ipyana, limeingia kwenye simulizi bila "Ipyana alifikiri kwamba". Njia hii ikitumiwa vizuri, nafsi ya tatu hukaribia kifua cha mhusika kama "mimi" yoyote. Ukiandika "alifikiri kwamba", "alihisi kwamba", "aliona kwamba" kila baada ya sentensi mbili, unamrudisha msomaji nje ya kebini akachungulie dirishani.

Tofauti kubwa iko kwa kifungu cha tatu. Msimulizi maizi anaweza kutoka Kitonga, akafika Ilula na kurudi ndani ya aya moja. Anafaa pale hadithi yako ni ya kijiji kizima, ya ukoo, ya mgogoro wa shamba unaogusa watu kumi. Gharama yake ni kwamba kila anachojua anatakiwa aidha akiseme au awe na sababu nzuri ya kukaa kimya. Kama anaingia vichwani mwa wote halafu anamficha msomaji muuaji ni nani, ilhali muuaji huyo tumeshayasoma mawazo yake sura tatu, msomaji ataona amechezewa, na ana haki.

Kinachoongezwa na "mimi"

Kama vifungu viwili vya kwanza vinajua sawa, kwa nini basi mtu achague nafsi ya kwanza? Kwa sababu "mimi" ana vitu viwili ambavyo "yeye" hana: sauti yake mwenyewe, na muda kati ya siku ya tukio na siku ya kusimulia.

Tuanze na muda. Ndani ya "nilielewa" kuna Ipyana wawili. Mmoja ni kijana aliyekaa kwenye kebini. Mwingine ni yule anayesimulia, na huyo anaweza kuwa anasimulia kesho yake au miaka ishirini baadaye, akiwa na lori lake na utingo wake. Huyu wa pili amekwisha kujua jinsi mambo yalivyoishia. Mwandishi asipoamua wawili hawa wametengana umbali gani, msimulizi huyumba: ukurasa huu anaongea kama kijana asiyejua kitu, ukurasa unaofuata anatoa hekima za mzee. Kabla ya kuandika, jibu kwa maandishi: anasimulia lini, akiwa wapi, na anamwambia nani?

Swali la "anamwambia nani" ndilo linalopuuzwa zaidi, na ndilo lenye mavuno mengi. Tuseme Gwakisa amefariki katika ajali ile. Ipyana akihojiwa na trafiki barabarani atasema: "Afande, gari lilikuwa zima, tulilikagua Makambako." Akikaa msibani Tukuyu mbele ya mjane, atasema: "Shemeji, hakuteseka." Akiwa peke yake na daftari, huenda akaandika kwamba hawakulikagua popote, na kwamba Gwakisa aliita jina la mtu kwa muda mrefu. Tukio ni lilelile, mdomo ni uleule, lakini hadithi ni tatu. Nafsi ya tatu inaweza kukueleza kwamba Ipyana alidanganya. Nafsi ya kwanza inakuacha umsikie akidanganya, ukaugundua uongo mwenyewe. Kama hadithi yako inategemea msimulizi anayejificha, anayejitetea au asiyejijua, usisite: andika kwa "mimi".

Msimulizi wa namna hii anahitaji mahali ambapo maneno yake na mambo yanayotokea yanapishana, ili msomaji apate pa kushika. Fikiria mnunuzi wa viazi anayezunguka mashambani Uporoto, akinunua kwa lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo. Anasema: "Mimi simwibii mtu. Mkulima mwenyewe ndiye anayejaza lumbesa, mimi nashikilia gunia tu." Peke yake sentensi hii haitoshi. Ongeza jambo moja analoliona bila kulielewa: mke wa mkulima anaokota viazi vilivyodondoka nje ya gunia, anavificha kwenye kanga, naye msimulizi anashangaa uchoyo wa mama huyo. Hapo msomaji amekwisha kuelewa kuliko msimulizi.

Sasa sauti. Hapa nyanda za juu kusini kuna mtego ambao waandishi wetu huuingia sana, kwa sababu wanamwandikia pia msomaji wa Lindi au Mombasa: wanampa msimulizi wa "mimi" kazi ya kueleza vitu ambavyo kwake ni vya kila siku. "Nilikwenda kugema ulanzi, pombe ya asili inayotokana na utomvu wa mianzi michanga na kunywewa sana mkoani Iringa." Hakuna mgemaji anayejieleza hivyo. Hiyo ni sauti ya kitabu cha jiografia. Mgemaji angesema: "Mbeta ya tatu ilikuwa imejaa nyuki. Nikaipuliza, nikakata ncha ya mwanzi kidogo, utomvu ukaanza kudondoka tena." Msomaji wa Lindi, hata kama hajawahi kuiona mbeta, ameshajua kwamba ni chombo, kinaning'inia kwenye mwanzi, na kinakinga kitu kitamu. Vivyo hivyo kwa maamkizi: andika "Nilimwamkia kamwene, akaitikia bila kuinua uso" na usiongeze tafsiri. Kitendo kinatafsiri.

Kama hadithi inahitaji maelezo mengi ya aina hiyo, na wewe unaona ni lazima yawemo, hiyo ni dalili kwamba inamtaka msimulizi wa nje. Kisa cha mgeni anayefika Iringa kwa mara ya kwanza nacho kinabeba maelezo bila shida, hata kwa "mimi", kwa sababu mgeni anashangaa.

Kuhusu taharuki, kuna malalamiko ya zamani: msimulizi wa "mimi" akitumia wakati uliopita, tunajua alipona. Ni kweli, na si tatizo kubwa. Hamisha tu hofu. Usimfanye msomaji ajiulize kama Ipyana atapona. Mfanye ajiulize Ipyana alifanya nini katika zile sekunde, na kama aliruka peke yake.

Viambishi vyetu na matatizo yake

Ushauri mwingi kuhusu nafsi umetokana na lugha nyingine, na kuna mambo ya Kiswahili ambayo hauyagusi kabisa.

La kwanza ni msururu wa nili-. Kwa kuwa nafsi imeshonwa kwenye kitenzi, haikwepeki. "Niliamka saa kumi na moja. Nilinawa uso. Nilivaa koti. Nilitoka nje. Niliona ukungu umefunika mlima Loleza." Sentensi tano, nili- tano, na sikio limechoka. Lugha yenyewe inatupa dawa. Kitenzi cha kwanza kikishabeba -li-, vinavyofuata vichukue -ka-. Kitenzi cha mwisho kinaweza kuunganishwa kwa "na" kikabaki na ku-, bila nafsi. Halafu kitu chenyewe kipewe kiti cha mtenda: "Niliamka saa kumi na moja, nikanawa, nikavaa koti na kutoka. Nje hakukuwa na Loleza. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mabati ya jirani." Umeona "niliona" imeondoka? Katika nafsi ya kwanza kila kinachoelezwa kimeshaonwa na msimulizi. "Niliona" na "nilisikia" zibaki pale tu ambapo kuona au kusikia kwenyewe ndiyo habari, kama ule mkono wa Gwakisa.

Kuna pia hu- ya mazoea, ambayo haibebi nafsi yoyote. "Huamka saa kumi na moja, hupasha maji, humtayarisha mtoto." Kwa msimulizi wa "mimi" ni mahali pazuri pa kupumzikia. Kwa nafsi ya tatu yenye wahusika wawili ni hatari, maana msomaji hajui anayeamka ni nani.

Hapo tumefika kwenye tatizo kubwa zaidi, na hili ni la nafsi ya tatu. Kiambishi a- hakibagui mwanamke na mwanamume. Mume, mke, bibi, afande, mtoto, wote ni a-, na wakitendwa wote ni -m-. Soma hiki: "Ipyana alipomfikia Gwakisa alimshika bega. Alikuwa anatetemeka. Alimwambia asifungue mlango." Nani anatetemeka? Nani amekatazwa kufungua mlango? Mwandishi anajua kwa sababu picha iko kichwani mwake. Msomaji anabahatisha.

Wengi hutibu kwa kurudia majina, matokeo yake "Ipyana" linaonekana mara tisa katika ukurasa mmoja. Jina ni dawa moja tu kati ya kadhaa. Kiungo cha mwili kinaweza kuwa mtenda, na kwa kuwa kina ngeli yake, mkanganyiko unakwisha: "Mikono ya Gwakisa ilikuwa inatetemeka." Kuna "mwenzake", neno linalomtenga mmoja na mwingine palepale. Kuna "yule" na "huyo": "huyo" humrudia aliyetajwa karibuni, "yule" humnyooshea kidole wa mbali zaidi. Kuna kauli ya kutendwa: "akashikwa bega". Na kuna mazungumzo yenyewe, ambayo humaliza utata kwa neno moja la heshima: "Kaka, usifungue mlango." Aliyesema "kaka" ni utingo, hakuna haja ya kuongeza "Ipyana alisema".

Kama kiini cha hadithi ni watu wawili tu ndani ya chumba kimoja, wakigusana, wakigombana, wakinong'onezana kurasa ishirini, fikiria sana "mimi". Mmoja akiwa ni- na mwingine a-, viambishi vinawatenganisha bila jasho. Sababu hii haina falsafa yoyote ndani yake, lakini imeokoa miswada mingi.

Jambo jingine la kwetu ni majina ya wahusika. Katika nafsi ya tatu iliyofungwa, namna msimulizi anavyomwita mtu inaonyesha ni macho ya nani yanayotazama. Chukua msichana Tumaini wa Makete, binti wa Mwalimu Sanga. Ukiandika "Sanga aliingia, akavua koti", tumetoka kichwani mwa Tumaini. Hakuna mtoto anayemwita baba yake Sanga, hata moyoni. Andika "Baba yake aliingia", au "Baba aliingia". Tukiwa kwa mkewe ni "Baba Tumaini". Tukiwa kwa mwalimu mkuu ni "Sanga". Ukishaimudu hii, unaweza kuitumia kama silaha: siku Tumaini anapogundua jambo alilolifanya baba yake, simulizi iache kumwita baba. "Mwalimu Sanga aliingia, akavua koti." Hakuna kilichoelezwa, na moyo wa msomaji umeshtuka.

Nafsi ya pili, "unaingia, unavua koti", ipo, na katika hadithi fupi ya kurasa nne au tano inaweza kufanya kazi. Riwaya nzima kwa "wewe" humchosha msomaji haraka.

Jaribio la maneno mia nne

Usiamue kwa kufikiri tu. Chagua tukio gumu kuliko yote katika hadithi yako, lile linalokutisha kuliandika. Si ufunguzi, maana ufunguzi huvumilia nafsi yoyote. Liandike kwa maneno 400 hivi kwa "mimi". Siku nyingine, bila kuangalia la kwanza, liandike upya kwa nafsi ya tatu. Soma yote mawili kwa sauti.

Kisha chukua lile la "mimi" na ulibadilishe kimakanika: nili- iwe ali-, siku- iwe haku-, -ni- ya mtendwa iwe -m-, -angu iwe -ake, tu- iwe wa-. Kama baada ya mabadiliko hayo kila kitu kimekaa sawasawa na hakuna sentensi inayosikika ajabu, "mimi" wako hakuwa na sauti. Alikuwa "yeye" aliyevaa kiambishi cha kuazima. Ama mpe sauti, ama nenda nafsi ya tatu kwa amani. Kama sentensi nyingi zimevunjika, kwa sababu zilikuwa kujitetea, kukwepa au kuomba msamaha, basi hadithi imekuambia inamtaka nani.

Tazama hasa palipokuwa na tu-. "Tulikula Ilula" ni sentensi ya mtu aliyekuwa mezani. "Walikula Ilula" ni taarifa. Kama uzito wa hadithi yako umo kwenye tu- hizo, katika undugu wa barabarani, wa bwenini au wa shambani, nafsi ya tatu itakudai kazi ya ziada kuurudisha.

Wasimulizi wawili au watatu wanaopokezana wanaruhusiwa. Badilisha mwanzoni mwa sura au baada ya nafasi iliyo wazi, kamwe si katikati ya aya, na hakikisha msomaji anajua yuko kwa nani ndani ya mistari miwili ya kwanza. Ukiwa na "mimi" wawili, funika majina na usome kurasa zao. Usipoweza kuwatambua kwa maneno yao, una msimulizi mmoja mwenye majina mawili.

Ukigundua katikati ya kazi kwamba umekosea, usibadilishe mswada mzima siku hiyo. Andika upya sura ya kwanza na lile tukio gumu, uone kama zinasimama. Kisha pita mswada wote na kalamu, ukiweka alama kila mahali penye jambo ambalo msimulizi mpya hawezi kulijua. Kwa kila alama kuna njia tatu: mtu amwambie, alikute mwenyewe, au liondoke. Njia ya pili ndiyo yenye utamu. Msimulizi maizi alitupa bure habari ya gia kubwa. Ipyana wa "mimi" haijui, na Gwakisa hayupo tena wa kumwambia. Basi mpeleke Kitonga kesho yake mchana, wakati lori linavutwa kutoka korongoni na viazi vimetapakaa mpaka chini. Achungulie kebini kuchukua koti lake, auone mkono wa gia umegoma palepale, kwenye namba ambayo hakuna dereva anayeshuka nayo mlima ule.